Mshororo wa JACK na Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Mshororo ninaotaka tuusome ni huu:

jackd -R -P95 -d alsa -d hw:1 -r 48000 -p 128 -n 2

Ni amri ya kompyuta. Huandikwa kwenye dirisha jeusi la mashine inayotumia Linux, nayo huiamsha JACK, programu huria iliyoasisiwa na Paul Davis mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili sauti itoke programu moja iingie nyingine, hatimaye ifike kwenye spika, kabla kidole kilichoipiga hakijagusa noti ya pili. Watu wa Linux wamepokezana mishororo ya namna hii kwa miaka mingi, huyu akipunguza namba, yule akiongeza. Tangu Februari 2012, Raspberry Pi ya kwanza ilipotoka kwa dola 35, mshororo umehamia pia kwenye kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani. Hapo ndipo unapoihusu kwaya ya Iringa au Mbeya isiyo na fedha ya laptopu ya muziki, lakini yenye kinanda, spika, miksa na vijana wenye hamu ya kujaribu.

Nauhakiki kwa zana zetu za ushairi: vipande, kituo, mizani. Amri haina vina wala taswira, na sidai kwamba ni shairi. Ina kile ambacho mhakiki wa umbo hukitafuta kwanza. Kila sehemu imekaa mahali pake kwa sababu, ukiihamisha maana inabadilika, na hesabu yake ndiyo inayotawala muda. Swali langu kwa umbo hili ni moja: mshororo huu, ukiwashwa katikati ya kwaya, unampa nani uongozi wa mwendo?

Uimbaji wa kwaya una mizizi mirefu Nyanda za Juu Kusini. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Kutoka huko tenzi za sauti ya kwanza hadi ya nne zikaenea, zikiongozwa na mkono wa mtu aliyesimama mbele. Kinanda cha umeme kilipokuja baadaye, kilikuja na kitufe cha midundo. Ukikibonyeza, ngoma inapiga, besi inaifuata, na vyote viwili havimtazami mtu. Mwalimu anayetaka kuivuta silabi ya mwisho ya ubeti, kwa kuwa maneno yenyewe yanadai kuvutwa, anakuta ngoma imeshavuka. Anakimbia kuikamata. Akikimbia hivyo mara nyingi, anaacha kuvuta. Nimezisikia kwaya zikiimba namna hii, sauti safi, matamshi safi, na wimbo hauna pa kupumulia. Nami huhuzunika, kwa sababu najua mwalimu yuleyule, kinanda kikizimwa, anaongoza vizuri zaidi.

Midundo hiyo inaweza kupigwa kwa mikono ya watu. Kinanda kilichochakaa sauti lakini chenye vibonye vizima na tundu la MIDI au la USB kinaweza kuunganishwa na Raspberry Pi. Ndani yake FluidSynth, programu huria nyingine, hutoa sauti za ogani, piano, besi na ngoma kutoka kwenye faili za SoundFont. Kijana mmoja anapiga ngoma kwa vidole kwenye vibonye vya chini, mwingine anapiga akodi juu, na wote wawili wanamtazama mwalimu. Hakuna anayebonyeza midundo. Lakini mpango wote umeuegemea mshororo wetu. Sauti ikichelewa baada ya kidole, kidole kitaanza kuifukuza, na tutakuwa tumeirudishia mashine uongozi kwa mlango wa nyuma.

Tuanze na umbo la jumla. Mshororo unagawanyika katika vipande viwili, na kituo chake ni “-d alsa”. Yote yaliyo upande wa ukwapi, yaani “-R -P95”, yanaambiwa JACK yenyewe. Yote yaliyo upande wa utao, kuanzia “-d hw:1”, yanaambiwa ALSA, ile sehemu ya Linux inayozungumza na kadi ya sauti. Ndiyo maana herufi d inajitokeza mara mbili bila kujirudia. Ya kwanza inachagua dereva, ya pili inachagua kadi. Anayejifunza hudhani moja imeingia kwa makosa na kuifuta, kisha hushangaa mbona hakuna kinacholia. Vivyo hivyo P kubwa na p ndogo: kubwa, upande wa ukwapi, ni daraja la umuhimu, ndogo, upande wa utao, ni urefu wa kipindi cha sauti. Huu ni uandishi wa kubana sana, unaomtegemea msomaji ajue yuko upande gani wa kituo. Naupenda ubanaji huo, ingawa nauona ni mkali kwa mgeni.

Ukwapi kwanza. “-R” inaomba hadhi ya wakati halisi: uzi wa JACK, yaani mkondo wake wa kazi, ukihitaji kichakato, usisubiri foleni pamoja na kazi za kawaida. “-P95” inataja daraja lenyewe katika ngazi ya 1 hadi 99. Hapa mtunzi wa mshororo amejikweza kupita kiasi. Katika Linux iliyotayarishwa kwa wakati halisi, nyuzi zinazoshughulikia vifaa, pamoja na ule unaopokea data kutoka kwenye tundu la USB, kwa kawaida huwekwa daraja la 50. Kwa hiyo JACK yenye 95 inamtangulia mletaji wa chakula inachokula yenyewe. Mara nyingi mambo huenda salama, kwa sababu JACK hulala ikingoja data. Siku kazi inapokuwa nzito, mpangilio huo unageuka kikwazo. Ningeandika 70, kisha ningeupandisha uzi wa kadi ya sauti juu ya hapo. Namba kubwa hapo haiongezi kasi. Inapanga nani asubiri, na mtunzi hakufikiria nani asisubirishwe.

Utao ndio wenye utajiri.

“hw:1” ni kadi ya pili, maana hesabu huanzia sifuri. Katika namba hiyo ndogo kumefichwa uamuzi mzima kuhusu mashine. Tundu la spika za masikioni lililojengewa Raspberry Pi za mwanzo halina kigeuzi cha sauti cha kweli. Sauti yake hutengenezwa kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, nayo hutoka na mchakacho wa kelele kwa chini. Tundu la kuingizia maikrofoni halipo kabisa. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 hata hilo tundu la masikioni haina. Kwa hiyo “1” inasema: acha ya ndani, tumia kadi ya nje ya USB. Ni hukumu sahihi, imesemwa kwa namna dhaifu. Namba za kadi hupangwa mashine inapowaka, na leo 1 inaweza kesho kuwa 0 au 2, hasa fundi mitambo akibadilisha tundu au akiwa na haraka Jumapili asubuhi. Amri “aplay -l” inaonyesha kila kadi kwa jina, na jina halihami. Nyingi za bei nafuu hujitaja CODEC au Device. Kuandika “hw:CODEC” kunaufanya mshororo uweze kusomwa na mtu ambaye hakuwepo ulipoandikwa.

Sasa mizani. “-r 48000” ni idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde moja. “-p 128” ni sampuli ngapi zinakusanywa kabla JACK haijaamshwa kuzishughulikia. “-n 2” ni vipindi vingapi vya ukubwa huo vinawekwa akiba mbele ya spika. Ukizidisha 128 kwa 2 na kugawa kwa 48,000 unapata milisekunde 5.3. Huo ndio muda ambao sauti iliyokwisha kutengenezwa inakaa ikingoja zamu. Ikiwa sauti inaingia pia, kwa maikrofoni ya mwimbaji, ongeza kipindi kimoja zaidi, pamoja na muda wa vigeuzi vya kadi yenyewe.

Namba hizo zinashikika zaidi zikipimwa kwa mita. Katika baridi ya Mbeya au Iringa, nyuzi 15 hivi, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani sentimeta 34 kwa kila milisekunde. Milisekunde 5.3 ni mita 1.8. Mpiga kinanda anayetumia mshororo wetu anasikia chombo chake kana kwamba kimewekwa upande wa pili wa meza. Ukiandika 1024 badala ya 128, namba ambayo mafundi wengi hukimbilia ili kukwepa mikwaruzo, unapata karibu milisekunde 43, sawa na mita 14.5. Chombo kimetoka nje ya jengo. Vidole viko hapa na sauti iko uwanjani, na hakuna mafunzo ya kwaya yatakayoliziba pengo hilo. Spika ya Bluetooth ni mbaya zaidi. Ucheleweshaji wake mara nyingi unapita milisekunde 100, kwa hiyo atakayeiunganisha mwisho wa mnyororo huu amefuta kila kilichofanywa na mshororo.

Kuna jambo ambalo mizani hii hailionyeshi, nalo lina uzito kwa mpiga akodi. Waya wa MIDI wa kizamani, ule wa mwaka 1983, hubeba biti 31,250 kwa sekunde, na noti moja huchukua karibu milisekunde nzima kupita. Akodi ya noti nne iliyopigwa kwa pamoja inafika ikiwa imefunuliwa, noti ya mwisho ikichelewa milisekunde 3 hivi nyuma ya ya kwanza. Kinanda chenye USB hakifungwi na kasi hiyo. Mhakiki anayeusoma mshororo peke yake asingelijua hili, kama vile anayesoma utenzi uliochapishwa asivyojua mghani anavuta pumzi wapi.

Turudi kwenye 48,000. Wengi huibadilisha kuwa 44,100 kwa sababu ndiyo namba ya CD, wakidhani tofauti ni ya usikivu tu. Namba 48,000 ina mantiki ya ndani iliyo nzuri kuliko hiyo. Kadi nyingi za USB za bei nafuu hupokea sauti kwa pakiti, moja kila milisekunde. Sampuli 48,000 kwa sekunde ni sampuli 48 kamili katika kila pakiti. Kila pakiti inajaa sawasawa, mizani yake haina upungufu wala ziada. Sampuli 44,100 zinadai 44.1 kwa pakiti, na sampuli haikatwi vipande; hivyo pakiti tisa zinabeba 44, ya kumi inabeba 45, na mzunguko unaanza upya. Ni mshororo wenye mizani inayochechemea kwa utaratibu. Haina madhara kwa anayesikiliza wimbo uliokwisha rekodiwa. Kwa anayepiga moja kwa moja, akiwa na akiba ya vipindi viwili tu, kuchechemea huko ni nafasi moja zaidi ya kujikwaa.

Na hiyo “2” ya mwisho ndiyo kasoro kubwa ya mshororo. Vipindi viwili vinatosha kwa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, ambayo huandikiwa moja kwa moja: kimoja kinasikika, kingine kinaandaliwa. Kadi ya USB ina tarishi katikati, naye ana ratiba yake ya milisekunde. JACK inamaliza kipindi cha milisekunde 2.7 na tarishi anapita kila milisekunde 1. Miendo hiyo miwili haigawanyiki, na mara kwa mara data inafika mlangoni tarishi akiwa ameshaondoka. Watumiaji wa siku nyingi huandika 3. Inaongeza milisekunde 2.7, na inanunua kitu chenye thamani kuliko milisekunde hizo. Raspberry Pi za kwanza hadi Pi 3 zilihitaji tahadhari hiyo zaidi, kwa sababu matundu ya USB na waya wa mtandao vilipita njia moja ya ndani. Pi 4 ya mwaka 2019 ndiyo iliyovitenganisha.

Kinachonunuliwa ni uthabiti, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanaoshabikia namba ndogo wamekosea lengo. Kwaya imezoea kuchelewa. Mwimbaji wa safu ya nyuma aliye mita saba kutoka kwenye spika husikia kinanda milisekunde 20 baada ya kulia, Jumapili zote, na anaimba vizuri, kwa sababu hewa inachelewa kwa kiasi kilekile kila mara na mwili wake umejifunza kutangulia. Ambacho mwili hauwezi kujifunza ni kuchelewa kunakobadilika, noti hii kwa 4, inayofuata kwa 15. Mwaka 2002 David Wessel na Matthew Wright, wakiandika kuhusu ala za kompyuta, walipendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 10 na kuyumba kwake kusizidi 1. Angalia uwiano huo: kuyumba kunahukumiwa kwa ukali mara kumi. Mshororo wetu umebishania 5.3 na kuiweka hatarini ile 1.

JACK yenyewe inalijua hilo, na umbo la maneno yake linaonyesha. Ikifanya kazi sawasawa haisemi lolote. Ikishindwa kukimaliza kipindi kwa wakati inaandika neno moja, xrun, na kwenye spika unasikika mkwaruzo mfupi. Mizani ya ushairi husikika inapotimia. Hii husikika inapovunjika tu. Kwa hiyo kipimo cha usomaji wetu ni ukurasa mtupu. Saa nzima ya mazoezi bila xrun hata moja ni ushahidi kwamba namba zimekaa, na ningependa mafundi mitambo wasifie ukimya huo badala ya kusifia namba waliyoandika baada ya p.

Kinachoivunja mizani hii mara nyingi hakimo kwenye mshororo. Linux ya kawaida huipunguza kasi ya kichakato ili kuokoa umeme na kuipandisha kazi inapoonekana kuwa nyingi; kipindi cha milisekunde 2.7 kimekwisha kabla haijashtuka. Dawa ni kukiambia kichakato kikae kasi ya juu muda wote, mpangilio unaoitwa “performance”. WiFi nayo huzimwa wakati wa ibada. Kisha umeme. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na chaja ya simu ya mitaani haifikishi hapo mzigo unapopanda; volti ikishuka chini ya 4.63 hivi, bodi inajipunguzia kasi ili isizime, na mikwaruzo inaanza katikati ya wimbo bila mtu yeyote kujua sababu. Nimeona lawama zikitupiwa programu kwa kosa la waya mwembamba wa USB. Upande wa pili wa udhaifu huu ni neema: chombo cha volti 5 kinaendeshwa na betri ya sola au na pawabenki nzuri, na umeme wa TANESCO ukikatika kinanda cha bodi hakinyamazi, mradi kinanda chenyewe, miksa na spika navyo viwe na akiba yao.

Baridi pia ina sehemu yake. Bodi hizi hujipunguzia kasi joto lake likifika nyuzi 80, na mwezi Julai, usiku wa mazoezi Mbeya au Makambako, hatari hiyo iko mbali kuliko ilivyo Dar es Salaam.

Kompyuta ya bodi moja si ngeni nchini. Shirika la Powering Potential lilizipeleka Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari za Karatu, ili wanafunzi wasome vitabu na makala bila intaneti. Ni kazi ya maana, na ni vizuri kuona tofauti ya umbo. Ukurasa ukichelewa nusu sekunde kufunguka, mwanafunzi hapotezi chochote. Mashine ileile, bei ileile, inageuka kitu kingine pale muda unapokuwa sehemu ya maana. Kwa sababu hiyo haitoshi kusema kwamba kompyuta nafuu imefika. Lazima iandikiwe upya namna ya kungoja.

Sasa weka karibu na mshororo wetu matini nyingine fupi, ya Sonic Pi, programu huria ambayo Sam Aaron aliianza Cambridge mwaka 2012 kwa ajili ya Raspberry Pi, ili watoto wajifunze kuandika programu kwa kutunga muziki:

live_loop :ngoma do
  sample :drum_heavy_kick
  sleep 0.5
end

Ni ubeti, na unapendeza kuliko amri ya JACK. Una mwanzo na mwisho unaoonekana, una jina unaloweza kulichagua mwenyewe, na mdundo wake unasomeka hata kwa asiyejua kompyuta: piga, ngoja nusu sekunde, rudia. Uzuri wake wa ndani uko kwenye “sleep”. Kwa lugha nyingi za kompyuta neno hilo lingemaanisha lala nusu sekunde kuanzia sasa, na muda uliotumika kuandaa sauti ungejumlishwa kila mzunguko, ngoma ikizidi kuchelewa. Sonic Pi huhesabu kutoka pale ngoma ilipopaswa kulia, si pale ilipomaliza kuandaliwa. Kisha huipangia kila sauti saa yake ya kulia, kwa kawaida nusu sekunde mbele, ili mashine dhaifu iwe na nafasi ya kujiandaa. Imechelewesha kila kitu kwa makusudi ili kisiyumbe hata kidogo. Kwa wimbo uliopangwa, sijui ufumbuzi mzuri zaidi.

Lakini usomaji wa umbo hauna budi kuuliza nani amesimama wapi ndani ya ubeti huu. Hakuna mkono. Muda umeandikwa kabla ya mtu kuingia, na anayeingia anaukuta unazunguka. Ni kitufe cha midundo cha kinanda, kimeandikwa kwa ustadi mkubwa na kuwekwa wazi kwa kila mtu kukihariri. Kwa prodyuza wa biti ni zana ya thamani. Kwa mtoto wa shule ni mlango mzuri wa kuingilia hesabu na muziki kwa pamoja. Kwa kwaya inayoimba pambio, ambapo anayeongoza anaweza kurudia mstari mara nane kwa sababu watu wameguswa, au kuukatisha baada ya mara mbili kwa sababu hawajaguswa, ubeti huu unamgeuza kiongozi kuwa mfuasi. Mshororo wa JACK, pamoja na ugumu wake na majivuno ya 95, haujui wimbo, haujui mapigo, haujui kasi. Hauna mahali popote pa kuandika mdundo. Unajua tu kwamba kitu kitapigwa na kwamba kisikawie. Upungufu huo wa maarifa ndio ubora wake mkuu kwangu: umeacha mwendo mikononi mwa watu.

Kabla ya kinanda, Iringa ilikuwa na ala ambayo swali hili halikuwahi kuizukia. Ligombo la Wahehe ni zeze la ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja ukipitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuzia sauti. Hugh Tracey alilirekodi alipozunguka Tanganyika mwaka 1950. Mwimbaji hujipigia mwenyewe. Kibuyu kiko nusu mita hivi kutoka sikioni mwake, milisekunde moja na nusu kwa hewa, na wimbo wa masimulizi unaweza kuchelewa penye neno zito na kuharakisha penye jina linalojulikana, kwa kuwa ulimi na kidole ni vya mtu mmoja. Anayetaka kuunda ala mpya ya kielektroniki kwa kufuata mfano huo, yenye vitambuzi vya mguso badala ya nyuzi, asianzie kwenye Raspberry Pi. Bela, iliyotoka Chuo Kikuu cha Queen Mary London na kufadhiliwa na wananchi kupitia Kickstarter mwaka 2016, hukaa juu ya bodi ya BeagleBone Black na kuipa sauti nafasi iliyo mbele hata ya Linux yenyewe. Ucheleweshaji wake unashuka chini ya milisekunde 1. Ni ghali zaidi na ina nguvu ndogo za kubeba faili kubwa za piano. Kwa kwaya ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwa upande wa Linux, ukuta uliokuwa mgumu kuvuka umepungua. Kazi ya kuifanya iheshimu wakati halisi, iitwayo PREEMPT_RT, ilikaa miaka takriban ishirini nje ya chanzo kikuu, ikilazimu mtu aitafute, aiunganishe na kuikusanya mwenyewe, kazi ya saa nyingi kwenye bodi ndogo. Toleo la 6.12 la Novemba 2024 liliipokea ndani. Maana yake kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni ya moja kwa moja: chanzo anachokifungua kusoma jinsi foleni ya kichakato inavyopangwa ndicho chanzo hichohicho kilicho chini ya kinanda cha kwaya yake, na akikuta kosa anaweza kulisahihisha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kinanda cha dukani hakimpi ukurasa wowote wa kusoma.

Mshororo, baada ya kusomwa, ningeuandika hivi:

jackd -R -P70 -d alsa -d hw:CODEC -r 48000 -p 128 -n 3

Ni milisekunde 8, mita 2.7. Ukifika hapo na saa nzima ikapita bila xrun, jaribu 64 mahali pa 128, ufike milisekunde 4. Ikianza kukwaruza, rudi ulipotoka bila aibu, kwa sababu mita 2.7 ni umbali wa mpiga kinanda aliyekaa ubavuni mwa safu ya kwanza, na hapo ndipo walimu wengi wa kwaya humweka hata leo, mahali anapouona mkono wao.